Kichwa Kiko Mwishoni: Mwongozo wa Kuzitambua Nomino Ambatani za Kiingereza

Miaka kadhaa iliyopita, kikundi cha wavuvi wa ufuo mmoja nje kidogo ya Kisumu kiliandika barua ya kuomba pesa za kujenga banda la kuwekea boti zao. Aliyeiandika kwa Kiingereza ni kijana wao aliyekuwa kidato cha nne. Majibu yalipokuja, mfadhili alikuwa na maswali ya ajabu: hilo jengo litaelea vipi, litalaza watu wangapi, na choo kitakuwa upande gani? Mwenyekiti alinijia na barua zote mbili mkononi.

"Mwalimu," akaniambia, "sisi tumeomba banda, huyu anatuuliza habari za vitanda."

Nikaisoma. Kijana alikuwa ameandika "houseboat" mahali pa "boathouse".

Ya kwanza ni boti ambayo watu huishi ndani yake. Ya pili ni nyumba ya kuwekea boti. Maneno ni yaleyale mawili, kilichobadilika ni nani katangulia. Na kijana hakukosea kwa uvivu. Alifuata lugha zake: kwa Kiswahili ni nyumba ya boti, nyumba kwanza. Kijaluo nacho huanza vivyo hivyo. Paa la nyumba ni "wi ot", yaani kichwa cha nyumba, kichwa mbele na nyumba nyuma. Kiingereza kinakwenda kinyume, na karibu makosa yote ninayoyaona kwenye madaftari ya wanafunzi wangu kuhusu nomino ambatani yanatoka kwenye kinyume hicho. Tahajia, ambayo walimu wengi huanza nayo, ndiyo shida ndogo kuliko zote.

Hatua ya kwanza: anzia mkiani

Nomino ambatani ni nomino moja iliyoundwa kwa maneno mawili au zaidi, kila moja likiwa na maisha yake nje ya hapo. Tunazo nyingi kwenye Kiswahili: mwanahewa, mbwa mwitu, bwana shamba, batamzinga. Ila mfano ninaoupenda kuliko yote unaelea hapa ziwani kwetu. Sisi tunaliita gugumaji. Waingereza wanaliita "water hyacinth". Ukiyaweka majina hayo mawili ubavu kwa ubavu utaona somo zima. Kwetu, gugu ndilo linalotangulia na maji yanafuata kueleza ni gugu la aina gani. Kwao, "water" inatangulia kueleza, na chenyewe kinachozungumziwa, "hyacinth", kinakaa nyuma.

Hilo neno la nyuma ndilo kichwa. Kichwa ndicho kinachosema kitu hiki ni nini. Neno la mbele linasema tu ni cha aina gani, ni cha kazi gani, ni cha wapi au kimetengenezwa kwa nini. Kwa hiyo ukikutana na maneno mawili ya Kiingereza yaliyosimama pamoja, funika la kwanza kwa kidole, usome la mwisho peke yake. "Fish market": funika, inabaki "market". Ni soko. "Market fish": funika, inabaki "fish". Ni samaki, yule wa sokoni. "Sugar factory" ya Muhoroni ni kiwanda, lakini "factory sugar" ni sukari, tofauti na ile ya nguru.

Kisha rudi kwenye neno ulilolifunika na uliunganishe kwa a-unganifu ya Kiswahili: soko LA samaki, kiwanda CHA sukari, kituo CHA basi. Mahali ambapo Kiswahili kinadai la, cha, wa, ya au za, Kiingereza mara nyingi hakidai chochote. Kinagonganisha nomino mbili na kuendelea na safari. Ndiyo maana wanafunzi wangu huandika "market of fish" na "factory of sugar". Anayesoma ataelewa, lakini atajua pia kwamba umefikiri kwa Kiswahili ukavalisha Kiingereza.

Kuna kundi moja linalokataa utaratibu huu, nalo tunaishi nalo kila siku: majina ya mahali. "Kakamega Forest", "Nandi Hills", "Menengai Crater" na "Winam Gulf" zinatii; msitu, vilima, kreta na ghuba viko nyuma. Lakini ziwa, mlima na bandari hutangulia: "Lake Nakuru", "Mount Elgon", na "Port Florence", jina la Kisumu reli ilipofika ziwani mwaka 1901. Usitafute mantiki hapo. Kariri na uendelee.

Neno la mbele hukaa katika umoja

Hili ni jambo fupi lakini linawaangusha wengi. Duka la viatu halijawahi kuuza kiatu kimoja, ila Kiingereza kinasema "shoe shop". Mswaki unasugua meno yote, bado ni "toothbrush". Neno la mbele limeacha kuhesabu na limekuwa kama kivumishi, na vivumishi vya Kiingereza havina wingi. Mabango ya "shoes shop" nimeyaona kuanzia Kondele hadi Nakuru mjini. Yaliyokubaliwa na s ni machache: "sports day", "savings account", "goods train", "customs officer", "sales manager".

Hatua ya pili: minyororo

Kiingereza hakitosheki na maneno mawili. Magazeti hupenda kuyapanga manne au matano ili kuokoa nafasi. Tuseme umekutana na kichwa cha habari kama hiki: "Nakuru flower farm water shortage". Mwanafunzi anayesoma kutoka kushoto anapotea mapema: Nakuru ya maua? maua ya shamba? shamba la maji?

Anzia mkiani na uulize "wa nini?" au "wa wapi?", ukirudi nyuma neno kwa neno. "Shortage", upungufu. Wa nini? "Water", wa maji. Wa wapi? "Farm", wa shambani. Shamba la nini? "Flower", la maua. La wapi? Nakuru. Upungufu wa maji katika shamba la maua la Nakuru. Umesoma kinyumenyume na tafsiri imejipanga yenyewe kwa Kiswahili sanifu. Nimejaribu njia hii na watoto wa darasa la saba na watu wazima wanaojiandaa kwa mahojiano ya kazi, na kwa kawaida wanaishika siku hiyohiyo.

Tahadhari moja. "Small fish market" ina maana mbili. Kiswahili hakina taabu nayo kwa sababu upatanisho wa kisarufi unasema wazi: soko dogo la samaki, au soko la samaki wadogo, tuseme omena. Kiingereza hakina ngeli, kwa hiyo kinakuachia ukisie. Ukitaka maana ya pili ieleweke, weka kistari: "small-fish market". Mimi hushauri uandike kwa njia nyingine kabisa.

Hatua ya tatu: je, ni ambatani au ni kivumishi na nomino tu?

Hapa ndipo penye kazi, na hapa nitakaa.

Nomino mbili zikifuatana, mara nyingi umeshapata jibu. Shida huanza neno la mbele likiwa kivumishi. "Greenhouse" na "green house" zina maneno yaleyale. Moja ni kivungulio, ile nyumba ya plastiki wanamooteshea waridi Naivasha, na wakulima wengi huiita grinihausi tu. Nyingine ni nyumba yoyote iliyopakwa rangi ya kijani. Utazitenganisha vipi?

Jaribio la kwanza ni la kujipinga. Jaribu kuongeza sifa inayopingana na kivumishi kilichomo. Vivungulio vya Naivasha vimefunikwa kwa plastiki nyeupe au inayopitisha mwanga, kwa hiyo "a white greenhouse" ni usemi wa kweli kabisa. "A white green house" ni upuuzi. Vivyo hivyo unaweza kuwa na "a green blackboard", na shule nyingi zimekuwa nazo, kwa sababu "blackboard" imeshakuwa jina la kitu na weusi umesahaulika humo ndani.

Jaribio la pili ni "very". Kivumishi cha kweli hukubali kuzidishwa: "a very green house", nyumba ya kijani kibichi hasa. Ndani ya ambatani hakuna cha kuzidisha. "A very greenhouse" haisemeki. "Very cold drinks" ni sawa, kwa sababu "cold drinks" ni vinywaji baridi tu, jokofu likizimika vinapata joto. "Very soft drinks" haiwezekani, kwa sababu "soft drink" ni soda na jamaa zake, na hakuna aliyewahi kuibonyeza akakuta ni laini.

Jaribio la tatu ni la kupenyeza neno katikati. "A green wooden house" inakubalika. Lakini ukipenyeza "wooden" katikati ya "greenhouse" unaivunja. Kivungulio kimeondoka, imebaki nyumba. Sifa yoyote ya nomino ambatani hukaa nje ya mlango: "a wooden greenhouse".

Jaribio la nne ni la sikio, na kwetu ndilo gumu zaidi. Mkazo wa Kiswahili, au shadda ukipenda, kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na masikio yetu yameuzoea huko. Wachache wanaokiuka tunawajua kwa majina: barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa, zinazotofautishwa na mkazo peke yake. Kiingereza kimejaa barabara za namna hiyo. Ambatani kwa kawaida hubeba uzito kwenye neno la kwanza: GREENhouse, BLACKboard. Kivumishi na nomino hubeba uzito kwenye la pili: green HOUSE, black BOARD.

Mfano unaonihusu mwenyewe: ukisema ENGLISH teacher, umesema mwalimu wa Kiingereza, na hapo nipo. Ukisema English TEACHER, umesema mwalimu ambaye ni Mwingereza, na mimi kwetu ni Ahero. Wanaojiandaa kwa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, wasilipuuze hili, maana karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina sehemu ya stadi za mazungumzo, na mkazo ni mada ya humo.

Ila sikio nalo hudanganya. Vyakula vingi huweka uzito nyuma: apple PIE, chicken SOUP. Barabara ndizo za kuchekesha zaidi. "Kenyatta Avenue" ya Nakuru huwekewa uzito kwenye AVenue. Lau ingeitwa "Kenyatta Street", uzito ungerudi kwa KenYATta. Kwa hiyo usitegemee jaribio moja. Majaribio mawili au matatu kati ya manne yakikuonyesha ni ambatani, andika ni ambatani na ulale usingizi.

Hatua ya nne: zile za "-ing"

"Running water" na "running shoes" zinafanana kama pacha, lakini ya kwanza si ambatani na ya pili ni ambatani. Vitabu hueleza tofauti hii kwa kurasa nyingi. Sisi wenye Kiswahili tuna njia ya mkato ambayo Mwingereza hana.

Tafsiri. Tafsiri ikitoka na "-na-" ya kitendo kinachoendelea, hiyo ni sifa ya kawaida: maji YANAyotiririka, mtoto ANAyelia kwa "crying baby". Ikitoka na a-unganifu pamoja na kitenzi cha kutendea, hiyo ni ambatani: viatu VYA kukimbilIA, mashine YA kufulIA kwa "washing machine", kidimbwi CHA kuogelEA kwa "swimming pool", chumba CHA kulIA kwa "dining room". Viatu havikimbii, mtu hukimbilia navyo. Mashine hutumika kufulia. Ile herufi ndogo ya kutendea ndiyo inayokupa jibu, na sijaona ikinitupa mara nyingi.

Hatua ya tano: wasio na kichwa

Nimesema kichwa kiko mwishoni. Sasa funika neno la kwanza la "pickpocket". Inabaki "pocket". Je, "pickpocket" ni mfuko? Hasha. Ni yule kijana anayekusukuma kwenye steji huku mkono wake ukitembea. "Scarecrow" si kunguru, ni sanamu ya kuwafukuza kunguru shambani. Hizi hazina kichwa ndani yake. Kichwa kiko nje, ni mtu au kitu kinachofanya tendo hilo.

Kiingereza kina chache za aina hii. Kiswahili kina tele, na ndiyo maana hazipaswi kututisha: kipazasauti si sauti, kizimamoto si moto, kivunjajungu hakijawahi kuwa jungu. Na angalia "breakfast". Imetokana na "break", vunja, na "fast", mfungo: kuvunja njaa ya usiku kucha. Sisi tukasema kifunguakinywa. Lugha mbili zisizo na undugu zilitazama chai ya asubuhi zikaunda neno kwa njia ileile, kitenzi mbele na nomino nyuma.

Weka hapa pia zile zilizozaliwa na vitenzi na vijineno vyake: "breakdown", gari linapokwama mlimani Mau Summit, "takeaway", chakula cha kubeba, "outbreak", mlipuko wa ugonjwa, "bypass", barabara ya kukwepa mji. Ukifunika neno la kwanza hapa hupati kitu cha maana. Zisome zima zima.

Hatua ya sita: wingi

Kanuni ni moja: wingi humwendea kichwa. Kwa kuwa kichwa kwa kawaida kiko mwishoni, s nayo huenda mwishoni: "toothbrushes", "bus stops", "water hyacinths". Sisi tunaweka magugumaji na mabwana shamba, kiambishi kikimfuata kichwa kule mbele.

Kichwa kikiwa mbele, s nayo inahama. "Mother-in-law" ina kichwa "mother". Mama wakwe wawili ni "mothers-in-law". "Passer-by" inakuwa "passers-by", na "runner-up" inakuwa "runners-up". Kosa la "mother-in-laws" nimelisahihisha mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, na huwaambia wanafunzi kwamba huku kwetu mama mkwe ni mtu wa heshima, hawekewi mzigo mkiani. Umiliki, hata hivyo, hubaki mwisho: "my mother-in-law's house", ritifaa na s baada ya "law". Usichanganye mambo hayo mawili.

Zisizo na kichwa huchukua s mwisho tu: "pickpockets", "breakdowns", "takeaways". Na kuna udadisi mmoja: "woman" na "man" zikitangulia kueleza jinsia ya mtu, hubadilika pande zote mbili. "Woman driver", wingi "women drivers".

Tahajia, kwa ufupi

Kuna tatu: zilizoungana kama "notebook", zilizotengana kama "bus stop", na zenye kistari kama "passer-by". Kanuni ya kukuambia ipi ni ipi haipo. "Bookshop" imeungana, "shoe shop" imetengana. "Lifeboat" moja, "life jacket" mbili, na zote ni za kukuokoa ziwani. Kinachojulikana ni kwamba neno likizoeleka huelekea kuungana na vistari huzidi kupungua. Kamusi moja kubwa ya Oxford ilipotoa toleo lake la sita mwaka 2007 ilifuta vistari kama 16,000. Fungua kamusi ya karibuni, iwe kwenye simu au mezani, kisha chagua tahajia moja na uishikilie hadi mwisho wa insha.

Zoezi la kutembea

Usiketi. Toka steji kuu ya Kisumu utembee hadi soko la Kibuye na daftari, ukiandika kila bango la Kiingereza lenye maneno mawili au zaidi. Siku moja nilikwenda na wanafunzi sita na tukarudi na haya.

"Petrol station": kichwa ni "station", kituo cha petroli, ambatani. "Driving school": shule ya kujifunzia kuendesha, shule yenyewe haiendeshi, kwa hiyo ambatani. "Fresh juice": "very fresh juice" inasemeka, kwa hiyo si ambatani. "Guest house": ambatani, na mkazo uko kwenye GUEST. "Car wash": kichwa ni "wash", kitenzi kilichogeuka nomino. Hapo msichana mmoja akauliza kwa nini isiwe "wash car". Nikamwambia afunike neno la kwanza. Akacheka kabla sijamaliza.

Lililotuchelewesha ni "posho mill". Je, ni Kiingereza? Posho ni yetu, "mill" ni yao. Lakini jaribu: funika la kwanza, inabaki kisiagi. Wingi ni "posho mills", s kwa kichwa. Kupenyeza neno katikati haiwezekani. Ni "a new posho mill", si "posho new mill". Neno letu limepanda gari la Kiingereza na kukaa kiti cha mbele, kama maelezo, na kichwa kikabaki nyuma. Wakaendelea wenyewe hadi sokoni: "mitumba dealer", "boda boda stage", "jua kali shed". Hiyo ya "boda boda stage" iliwagawa, watatu wakisema ni maneno matatu na watatu wakisema ni mawili, kwa kuwa boda boda ni jina la kitu kimoja. Nilikuwa upande wa wale wa mawili.